Siku Punda wa Nekesa Alipolia Kanisani

Hii ya punda huwa siisimulii, na nyinyi mnaonijua mtashangaa, kwa sababu mimi ni mtu wa kujicheka, nimewaambia mpaka ile ya suruali kupasuka River Road mbele ya foleni ya wateja. Lakini hii naionea haya mpaka leo, na si haya ya kuchekwa, hiyo nilishaizoea. Ngoja niseme yote, halafu mnihukumu wenyewe.

Ilikuwa ile miaka simu za rangi zilikuwa zimeanza kuwa kitu cha kawaida. Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye duka moja mjini, na kila Jumamosi nilifundisha watoto kwenye ukumbi wa kanisa letu kule Riruta, kwa kompyuta tano nzee nilizozifufua kwa vipuri. Nilikuwa nimepata programu ya bure ya watoto, ile ambayo huandiki chochote, unashika tu vipande vya rangi, unavipanga kimoja chini ya kingine, na kompyuta inafanya ulivyopanga. Nikagundua haraka kwamba watoto hawataki hesabu wala michoro, wanataka kelele. Basi tukawa tunatengeneza upuzi mtupu: ukibonyeza herufi mlango unakwaruza, ukisogeza mausi mtu anapiga chafya, na kuna mmoja alirekodi nyanya yake akikoroma, tukaufanya mkoromo upande na kushuka kama kinanda (nyanya mwenyewe alikuja kusikiliza, akasema huyo si yeye).

Nekesa alikuwa na miaka kumi na moja, haongei sana, na ndiye alikuwa na akili kutuzidi wote, mimi nikiwemo. Mradi wake ulikuwa punda. Tuliwapeleka watoto Uthiru kwa miguu kutafuta sauti, akarekodi kwa simu yangu punda wa mkokoteni wa maji, na wiki mbili baadaye punda huyo alikuwa amelala kwenye skrini: ukipiga makofi karibu na maikrofoni anaamka, analia mara moja, anatikisa masikio, analala tena. Watoto walikuwa wanapanga foleni kumpigia makofi.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kando ya Naivasha Road, na hakuwa na hakika na mambo yetu. Mama alifanya kazi Parklands hata Jumamosi, na Nekesa alikuwa na wadogo watatu. Akaniambia kwa heshima kabisa, "Mwalimu, mimi sijakataa. Lakini Jumamosi ndio huyu msichana hunisaidia na hawa watoto. Nitakuja nione hiyo kitu mnafanya. Nikiona iko na maana, ataendelea. Nikiona ni mchezo, basi." Kwa hivyo tukapanga watoto waonyeshe kazi zao Jumapili baada ya ibada, na Nekesa akaniuliza mara tatu ile wiki kama punda wake atakuwa wa kwanza.

Nikafika mapema siku hiyo, nikaunganisha kompyuta na spika kubwa za kanisa ili hata walioketi nyuma wasikie. Nikapiga makofi kutoka katikati ya ukumbi, punda kimya. Ndani ya mradi kuna namba inayosema kelele ifike kiasi gani ndio punda aamke, nikaishusha. Akaamka, lakini nilipopiga makofi tena akakawia, nikaangalia nikaona Nekesa ameweka kipande cha kusubiri sekunde kadhaa baada ya mlio kuanza. Nikakitoa. Niliona ninamsaidia.

Kumbe alikuwa nyuma yangu. "Mwalimu, hiyo niliiweka juu ya..."

"Wacha wasiwasi," nikamwambia, "mimi najua hizi vitu."

(Ningemwacha amalize sentensi moja tu, leo singekuwa na la kusimulia.)

Sasa kompyuta yenyewe ilichukua dakika kumi kuwaka, na siku nyingine haikuwaka kabisa, kwa hivyo watu walipoketi niliiacha ikiendelea, punda amelala, maikrofoni iko wazi. Stima pia sikuiamini, nikawa nimeazima UPS kazini, lile sanduku la betri linaloshikilia kompyuta stima ikipotea, na nilijivunia hilo sanduku kuliko mtoto yeyote alivyojivunia mradi wake. Baba Nekesa akaingia na koti, akaketi kiti cha pili kutoka mbele, mikono juu ya magoti. Nikaona mambo ni sawa.

Halafu Mzee Karanja, mzee wa kanisa, akasimama kufungua kwa maombi. Anaomba polepole, sauti ya chini, na ile wiki kulikuwa na mama mmoja wetu aliyemzika mumewe, ameketi pale mbele. Mzee akaombea watoto, akaombea wagonjwa, akafika kwa yule mama, akasema, "Bwana, mfariji dada yetu," na ukumbi mzima ukaitika kwa nguvu, "Amina."

Punda akaamka.

Nawaambia, mlio wa punda kwenye spika za kanisa si mlio wa punda wa barabarani. Madirisha yalitikisika. Na maikrofoni ikausikia huo mlio kutoka kwa spika, ikamwamsha tena, akalia kwa sababu amelia, akalia tena kwa sababu amelia tena, na hapo ndipo nilipoelewa kile kipande cha kusubiri kilikuwa cha kazi gani. Nikakimbilia mausi, mshale umekwama. Nikang'oa plagi ukutani, na UPS yangu niliyoijivunia ikashika kazi bila wasiwasi, ikaanza na ule mlio wake wa pii, pii, na kila pii punda akaiitikia. Watoto walikuwa chini ya viti kwa kicheko. Yule mjane alikuwa ameinama, mabega yanatingishika, na sikujua analia au anacheka.

Nekesa ndiye aliyekuja. Hakukimbia, alitembea tu, akachomoa waya wa maikrofoni. Punda akamaliza mlio wake wa mwisho, akatikisa masikio, akalala.

Mzee Karanja alikuwa hajafungua macho muda wote huo. Sasa akafungua, akauliza taratibu, "Ni nani ametengeneza hii kitu?"

Watu wote wakaniangalia. Na mimi, mtu mzima, fundi, nikasema, "Ni ya Nekesa."

Ilikuwa kweli kabisa, na ulikuwa uongo mtupu. Baba yake akasimama, akafunga kifungo cha koti. Hakupaza sauti. "Nekesa. Twende." Msichana akaniangalia, si kwa hasira, ni kama alikuwa anangoja nimalizie maneno yangu. Nikajifanya nakunja waya.

Jumatatu kazini nilifungua nakala aliyokuwa ameihifadhi kabla sijaigusa. Nikapiga makofi. Punda akalia mara moja, akalala. Sekunde alizoweka zilizidi urefu wa mlio kidogo tu, ili punda asijisikie mwenyewe. Alikuwa amepima.

Jioni nikaenda kwa baba yake. Akazima mashine, akainua ngao ya macho, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo haikuwa yeye."

"Haikuwa yeye. Ni mimi."

"Na hii unaniambia hapa kwa mageti, mimi na wewe," akasema. "Kule ulisema mbele ya watu."

Akashusha ngao.

Jumapili iliyofuata niliomba dakika moja wakati wa matangazo, nikasema yote, namba, kile kipande, na kwamba mtoto alijaribu kunionya. Watu wakacheka sana, Mzee Karanja akanishika mkono, na yule mjane akaniambia alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nilisamehewa na kila mtu aliyekuwa pale. Lakini kiti cha pili kutoka mbele alikuwa ameketi mtu mwingine. Baba Nekesa alikuwa amehamisha familia yake kanisa lingine, na nikaambiwa walianza kusali huko asubuhi hiyo hiyo.

Niliwahi kukutana na Nekesa kwa mama mboga, mdogo wake mgongoni, akaniamkua kwa adabu. Nikamuuliza kama atarudi. "Sijui, mwalimu. Uliza baba." Nikamuuliza baba. Akasema tutaona, na nyinyi mnajua tutaona ya mzazi.

Bado nafundisha. Siku ya kuonyesha kazi huwa naketi nyuma, mikono mfukoni, sigusi kitu cha mtoto hata nikiona kimekosewa. Na kikiharibika mbele ya watu, kabla mtu hajauliza ni cha nani, nimeshasimama nikasema ni changu. Watoto wa sasa husema mwalimu wao huharibu kila kitu. Nawaacha waseme.