Mikate ya Watu Wawili

Mimi ni mtaalamu wa mbu, na tangu nihamie kisiwa cha Ndau kuwachunguza wanaoeneza malaria, hao ndio wenzangu. Nawafuga chumbani, ndani ya kizimba cha wavu, tangu wakiwa mayai. Kila alasiri naingiza mkono wanyonye damu. Wanaouma ni majike tu, basi nami, msomi mzima, nawabembeleza:

"Kula, mpenzi. Ushibe. Usiniache mapema."

Simu yangu hailii, ningezungumza na nani?

Jirani yangu, Bi Zuhura, akaanza kuniletea mikate ya watu wawili. Nikadhani ameona nilivyokonda. Nikashukuru, nikaila yote.

Jana, nikiwa kifua wazi na mkono kizimbani, ikapigwa hodi. Nikaitikia karibu bila kufikiri. Wakaingia wanawake watatu na sinia la halua na asumini.

"Tumekuya kumuona biarusi," alisema Bi Zuhura. "Kila siku nakusikia ukimbembeleza."

Nikaonyesha kizimba kwa kidevu.

Wenzake waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliwatazama mbu walivyovimba, akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "kumbe huna mtu."