Milio Nyuma ya Duka la Abdi

Mwanangu, kuna siku moja ya soko pale Nunguni ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani. Sogea karibu nikuambie.

Nilikuwa msichana mshonaji, nimemaliza shule juzijuzi, na cherehani yangu ilikaa mkabala na duka la Abdi. Abdi na mkewe Halima walikuwa wametoka Garissa, wageni kwetu, wakiuza sukari, mafuta ya taa na vitambaa. Abdi alikuwa mtu mpole asiye na maneno mengi, na huko kunyamaza kwake watu walianza kukuona kama kosa.

Halafu akaleta jenereta. Kila alasiri ilinguruma, na nyuma ya duka, kwenye chumba cha mabati chenye pazia zito mlangoni, tukaanza kusikia risasi. Ta-ta-ta-ta! Kisha mlipuko, kisha vijana wetu wakipiga kelele. Walitoka macho mekundu, na ukiwauliza wanasema, "Tunacheza tu." Mchezo gani huo wa risasi? Mama Ndunge, aliyeuza nyanya kando yangu, akaninong'oneza, "Huyu anafundisha watoto wetu vita." Sikumpinga. Mimi mwenyewe lile pazia nilikuwa nalitazama kama shimo la nyoka.

Jumapili baada ya ibada, wazee wa kanisa walikaa kuamua kama chifu aitwe. Baba yangu mdogo, Mzee Muli, akaniuliza mbele ya wote, "Wewe unakaa pale kila siku. Umeona nini?"

"Nimesikia bunduki, baba."

"Nimeuliza umeona nini. Umeingia ndani?"

"Hapana."

"Hujaingia, na uko tayari mtu afungwe?" Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. "Nenda uone kwanza. Kisha uje uongee."

Siku ya soko nikaenda. Abdi mwenyewe aliinua pazia. "Karibu, dada."

Ndani kulikuwa na benchi, vijana wawili watatu, televisheni ndogo na kijisanduku chenye waya. Kwenye kioo mwanajeshi wa kuchorwa, wa mchezo wa video, alikuwa akikimbia msituni, akipiga risasi. Kumbe milio yote ilitoka hapo! Hata hivyo sikuamini upesi. Nilichungulia chini ya benchi, nikachungulia nyuma ya televisheni. Abdi aliona, akangoja nimalize. Akanipa kidude cha plastiki chenye vitufe. "Hiki kinaruka, hiki kinapiga."

Nilikufa kabla sijajua mimi ni yupi pale kwenye kioo. Nikaanza tena. Risasi ikija, nilikwepa kwa mwili mzima, karibu nianguke kutoka kwenye benchi, vijana wakacheka mpaka machozi. Polepole mkono ukazoea. Nikavuka daraja, nikapiga yowe kama wao. Mwanangu, nilisahau kabisa kwamba nina cherehani nje.

Sasa Mama Ndunge alikuwa ameniona nikiingia. Hakuniona nikitoka. Aliposikia risasi na yowe langu, alipiga kelele soko zima likasikia, "Asi! Wameua msichana!" Watu wakaja mbio na mawe, na chifu, aliyekuwa sokoni, akaja na askari wake. Pazia likang'olewa.

"Mikono juu!"

Nikasimama, mikono juu, kile kidude kikining'inia kwa waya wake. "Chifu," nikasema, "bunduki ni hii."

Chifu akatazama kidude, akatazama kioo. Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, mpaka askari. Halima peke yake alikuwa analia. Nikageuka nikaona Abdi ameshika paji la uso, damu ikipita katikati ya vidole. Kuna jiwe lilikuwa limeshamfikia.

Watu waliomba msamaha, ndiyo. Mzee Muli alikwenda na wazee wa kanisa, na Abdi akawapokea kwa chai. Lakini kabla wiki haijaisha, niliona lori linapakiwa vitu vyake. Alikuwa anahamia Kiboko, kule barabara kuu.

"Mbona unaenda, na mambo yameisha?" nikamuuliza.

"Dada, kwa muda wote huo, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza, 'Abdi, ni nini hiyo inalia?' Ningemwonyesha. Kesho mtasikia kitu kingine. Nina watoto." Akapanda mbele kando ya Halima.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Watu wabaya wapo, na mimi bado nawashuku wengi. Lakini ukimshuku mtu, nenda kwake mapema, piga hodi, uliza, tazama kwa macho yako, kabla hujamwambia mwingine. Abdi alitusamehe kweli, lakini hakurudi, na sisi ndio tuliomfukuza.

Mungu akuongoze kwenye milango ya watu kwa amani, na majirani zako wasiwe na sababu ya kukuogopa. Ubarikiwe, mwanangu.