Bunduki ya Shemeji Iliyoshindwa Kulenga

Mama Nati alijifunza ufundi wa bunduki akiwa ameshika taa. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi. Yeye kwa miaka kumi na minane alimmulikia, akampa bisibisi aliyoitaka, akamkumbusha anywe chai kabla haijapoa. Mume alipofariki, ndugu walikaa kikao, na shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, akashauri karakana iuzwe.

"Shemeji, hii si kazi ya cherehani," alisema.

Mama Nati hakubishana. Alikwenda kufanya mtihani wa leseni, akarudi na cheti, akakitundika ukutani, akafungua mlango.

Mwaka wa pili, Jumanne moja asubuhi, shemeji huyo aliingia na mfuko mrefu wa turubai begani. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi.

"Karibu, shemeji. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Akaulaza mfuko mezani. "Nitafutie mtu wa kuinunua hii. Mimi na uwindaji basi tena."

"Kulikoni?"

"Macho yamekwisha. Juzi nguruwe pori kasimama hatua themanini, katulia kama anapigwa picha. Nikafyatua, nikamkosa. Hakukimbia hata, aliniangalia tu. Siku hizi wenzangu wananiita Onyo. Wanasema risasi zangu ni za kuonya."

Mama Nati aliuma mdomo asicheke. "Daktari wa macho anasemaje?"

"Anasema ni mazima. Atajua nini, yule mtoto?"

"Siuzi kitu nisichokijua. Niachie niitazame."

Alihakikisha kwanza kwamba haina risasi. Ilikuwa bunduki ya bei poa, ya kitako cha plastiki, lakini mtutu wake ulikuwa safi. Aliishika darubini iliyofungwa juu yake, akaitikisa. Ikacheza kidogo sana, unene wa karatasi. Ajabu ni kwamba skrubu zote zilikuwa zimekaza.

Akazifungua. Kipande cha chuma kinachobeba darubini kilikuwa na skrubu fupi ya tundu la mbele na ndefu ya tundu la nyuma. Hizi zilikuwa zimebadilishana mahali. Ile ndefu ilikuwa imegota chini ya tundu fupi kabla haijabana chochote; mkononi unaihisi imeshika, kumbe chuma kinaelea, na kila risasi inakisogeza.

Kisha akaona wekundu kwenye nyuzi za skrubu. Rangi ya kucha. Rangi yake mwenyewe, ambayo mumewe alizoea kuichukua kwenye meza yake ya kujipambia na kuzipaka skrubu ili zisilegee.

Mama Nati alivuta kigoda akaketi. Aliikumbuka miezi ile ya mwisho, mumewe akiinua kila skrubu karibu na balbu na kuigeuzageuza, akimwita amsomee namba kwenye maboksi, eti maandishi ya siku hizi ni madogo. Angeweza kumwambia shemeji kwamba skrubu zililegea tu, mambo ya kawaida. Nani angejua?

Shemeji alikuwa hajaondoka, amesimama mlangoni akipangusa viatu.

"Njoo uone," alimwita. Akamweleza yote, pamoja na ile rangi.

Shemeji aliiinua ile skrubu ndefu, akaigeuza. "Mbona hakuniambia kwamba haoni?"

"Hata mimi hakuniambia. Nilijua siku alipoanza kumimina chai nje ya kikombe."

"Risasi zilianza kwenda upande wiki ileile aliyonifungia darubini," shemeji alisema polepole. "Sasa ningeirudisha vipi? Nimwambie mdogo wangu kazi yake mbovu? Nikaona heri niyasingizie macho. Mwisho nikaamini mwenyewe."

Mama Nati alisafisha matundu na kurudisha kila skrubu mahali pake. Alipopitisha karatasi kati ya mtutu na plastiki ya kitako inayopita chini yake, ilikwama karibu na ncha. Plastiki ilikuwa inausukuma mtutu. Akaviringisha msasa kwenye kijiti, akakwangua bila haraka mpaka karatasi ikapita bila kugusa.

Alhamisi walikwenda uwanja wa shabaha. Shemeji aliilaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, akapiga tatu. Zote zilienda kushoto, lakini zilikaa pamoja. Mama Nati akazungusha vifundo vya kurekebisha darubini.

"Rudia. Usiibane pumzi kama unazama."

Matundu matatu ya pili yalikuwa katikati. Ungeyafunika kwa kiganja cha mtoto. Shemeji aliyatazama, akavua kofia, akaivaa tena.

"Miezi ile," aliuliza, "alifunga darubini ngapi nyingine?"

Mama Nati alikuwa amekwisha kuangalia daftari la kazi. "Kumi na moja."

Wiki nzima alipiga simu, akiwaambia wenye bunduki ukweli bila kuupamba, na shemeji akawa anawafuata kwa pikapu yake wale waliokaa mbali. Kati ya zile kumi na moja, mbili zilikuwa na kasoro, akazirekebisha. Mwindaji mmoja alikataa katakata.

"Hii aliifunga marehemu," alifoka kwenye simu. "Haiguswi!"

"Basi nitaiangalia kwa macho tu," Mama Nati akamjibu.

Alikwenda. Mwenyewe akakubali mwishowe aishike; akaitikisa darubini mara tatu, haikucheza. Akamrudishia mwenyewe bunduki yake, naye akamkaribisha kiti.