Fomu Iliyopendeza Kupita Kiasi

Gari la mikate lilirudi nyuma bila kupiga honi, likaigonga ngazi, na Fundi Brashi akaja nayo chini, mkono wa kulia ukibanwa kati ya ngazi na ukuta. Juu ya mlango alikuwa ameshapaka DUKA LA, imebaki DAWA tu. Neno hilo hakulifikia. Wiki ya tatu mwenye duka alibandika juu yake plastiki iliyochapwa na mashine, herufi zimevimba kama zimeumwa na nyuki, na watu wakapita chini yake wasione tofauti.

Hospitali walimwambia kano mbili za mkono zimekatika.
"Zinashoneka," daktari alisema, "ila ndani ya miezi sita. Baada ya hapo zitakuwa zimeshajikunja, sitakuwa na la kukusaidia. Bima ya lile gari ndiyo ilipie. Usilale, mzee."

Hakulala. Alisubiri, maana bima aliyoijua yeye ilikuwa na miguu. Zamani wakala alikuja kwa baiskeli, mkoba wa ngozi begani, akavua kofia mlangoni, akauliza hali ya mgonjwa kabla ya kufungua daftari. Watu wale wamekwisha, na adabu yao wameondoka nayo. Siku hizi ni sauti ya simuni: bonyeza moja, bonyeza mbili. Fundi Brashi alibonyeza kwa dole gumba la kushoto, akakosea, akarudishwa mwanzo.

"Simu yako ni muhimu kwetu," sauti ikasema.
"Kama ni muhimu si uipokee!"

Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote. Mkewe alikuwa na miaka minane kaburini. Bintiye aliolewa mbali na alipiga simu kila Jumapili, mbiombio, watoto wakilia nyuma yake. Dereva wa mikate alikuja mara moja na mikate miwili, akasema "nisamehe baba yangu," kisha simu yake ikazimwa moja kwa moja.

Mwezi wa nne ulipokwisha ndipo akaambiwa kumbe kuna fomu. Aijaze mdai mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe, aipeleke ofisini.

Mtu mwingine angeiparura kwa kalamu, akaondoka zake. Fundi Brashi alikuwa ameandika majina ya maduka kwa miaka arobaini na mmoja. Aliyemfundisha kazi alikuwa akimfutisha kibao kizima kwa ajili ya herufi moja iliyoinama. Karatasi yenye jina lake itoke nyumbani imechafuka? Haiwezekani. Alikaa siku kumi na moja mezani akiufundisha mkono wa kushoto juu ya magazeti ya zamani, mpaka shingo ikakakamaa. Kisha akapiga mistari ya penseli, akachovya brashi nyembamba kuliko zote, akajaza fomu. Palipoandikwa "Eleza madhara uliyopata," aliandika MKONO WA KULIA HAUSHIKI KITU, kila herufi na kivuli chake upande wa chini. Mistari ya penseli akaifuta.

Fundi Kisigino, mshona viatu wa barazani, aliiona akacheka hadi akaangusha nyundo.
"Sasa hapa umedai bima au umefungua duka?"
"Kazi ni kazi," alijibu Fundi Brashi, akaenda kuipeleka.

Jibu lilichukua wiki tatu. Madai yamekataliwa: mwandiko unaonyesha kwamba mkono wa mdai unafanya kazi vizuri.

Zilibaki siku ishirini. Alichukua namba, akakaa kwenye kiti cha chuma tangu ofisi ilipofunguliwa hadi karibu na saa sita, ndipo akaitwa kwenye kioo chenye tundu. Karani, binti wa umri wa mwanawe, aliishika ile fomu kwa ncha za vidole.

"Mzee wangu, hii umeandikiwa na nani?"
"Nimeandika mimi. Kwa kushoto."
"Kwa kushoto! Mimi kwa huu wa kulia siwezi hata nusu yake."
"Basi waeleze wakubwa wako, mwanangu."
"Wakubwa hawasikilizi maelezo, baba. Wanaangalia karatasi." Akapitisha fomu mpya chini ya kioo. "Jaza hapahapa. Kwa huo huo mkono mbovu, vyovyote itakavyokuja."

Aliipachika kalamu katikati ya dole gumba na kiganja. Herufi zikaanguka kama walevi, moja juu ya nyingine. Alipofika kwenye jina lake, jina alilotia pembeni ya kila kibao katika mji ule, hakulitambua. Nyuma yake kwenye foleni mtu mmoja akageuza uso kutazama saa ya ukutani.

Karani aliipokea, akaisoma, akatabasamu kwa wema kabisa.
"Ehe! Hii sasa ni nzuri."

Akagonga muhuri. Ile ya kwanza akauliza kama aitupe. Fundi Brashi alinyoosha mkono, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

Madai yalipita. Siku tisa kabla ya miezi sita kutimia, ujumbe uliingia simuni: bima italipia upasuaji. Jumapili bintiye akapiga.

"Wamekubali, baba?"
"Wamekubali."
"Afadhali! Wamesemaje?"
"Wamekubali kwamba siwezi."

Binti akacheka akidhani ni utani, mtoto akalia, simu ikakatika.

Imebaki karatasi moja, ya hospitali. Jina la mtu wa kupigiwa simu, awe karibu. Binti hayuko karibu. Fundi Brashi aliitazama nafasi ile tupu mpaka chai ikapoa. Mwishowe akashika brashi amwandike mshona viatu, na mkono ukasimama hewani. Wamekaa ukuta mmoja miaka kumi na tisa, na jina la yule mtu halijui.

Akatoka barazani na karatasi na brashi.
"Wewe, Kisigino. Jina lako nani?"
Mshona viatu alitoa misumari mdomoni. "Leo ndiyo unauliza? Umenishtaki wapi?"
"Nataka kukuandika hospitali. Nikifa wakuambie."
"Nikuzike kwa viatu gani? Vyako hata mimi vimenishinda."

Kisigino alicheka peke yake. Kisha akaacha, akapangusa mikono kwenye aproni, na akamtajia jina, lote, na la baba yake. Fundi Brashi akainamia benchi la viatu, akaliandika kwa mkono wa kushoto, taratibu, kila herufi na kivuli chake.