Aliyegongwa Barabarani Amngoja Mtoto wa Aliyemgonga

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu, Doreen Ormerod anashuka taratibu kutoka ukingo wa barabara ya Lowerfold, mjini Accrington, kaskazini mwa Uingereza. Anasimika nguzo yake yenye kibao cha duara cha kusimamishia magari katikati ya njia. Lori la mikate linasimama. Watoto sita wanapita mbele yake, mmoja akijikokota kwa sababu anasoma nyuma ya pakiti ya biskuti.

“Piga hatua, Oliver, mikate ya watu inapoa,” anamwambia.

Anarudi ukingoni, anafuta manyunyu usoni, kisha anageuza shingo kutazama juu ya mteremko, kwenye magari yaliyoegeshwa mbele ya kinyozi. Hivyo ndivyo anavyofanya kila asubuhi tangu Februari. Pale, hatua kama sitini kutoka kivukoni, ndipo Kirsty Catlow humvushia bintiye Tilly, mwenye umri wa miaka saba. Hakuna kibao pale wala taa. Mtoto huchomoza katikati ya magari mawili kama paka, na dereva anayeshuka mteremko hawezi kumwona mpaka awe amemfikia.

Kirsty hapiti kivukoni kwa Doreen kwa sababu ya haya. Mumewe, Lee Catlow, ndiye aliyemgonga Doreen hapo anaposimama sasa. Ijumaa iliyopita Lee alihukumiwa, na leo ndiyo siku ya kwanza ya shule tangu hukumu.

Doreen ana miaka sitini na sita. Amevusha watoto hapa kwa miaka kumi na tisa, asubuhi na alasiri, kwa mshahara usiofika pauni mia tano kwa mwezi. Wapo wazazi aliowavusha wakiwa wadogo ambao leo wanamletea watoto wao. Lee mwenyewe ni mtu wa mtaa huu huu, fundi wa samani za jikoni aliyefunga kabati za nusu ya nyumba za Lowerfold, za Doreen zikiwemo.

“Kazi yake safi,” anakiri Doreen. “Milango yote inafunga mpaka leo. Ndiyo maana inaniudhi zaidi.”

Ilikuwa Machi mwaka jana. Basi lilikuwa limesimama kumpisha Doreen, naye alikuwa ameshapiga hatua mbili barabarani, mkono mmoja ukiwazuia watoto wasishuke. Lee akaja nyuma ya basi na gari lake la kazi, akalipita. Simu ilikuwa mkononi. Alikuwa akizungumza na mteja kuhusu vipimo vya sinki. Polisi walipima mwendo wake: maili arobaini na saba kwa saa, mahali ambapo mwisho ni ishirini.

Nyonga ya Doreen ilivunjika sehemu tatu, na mfupa wa paja sehemu mbili. Alilala hospitali wiki tisa, akapasuliwa mara tatu, akarudi kazini baada ya miezi kumi na moja. Watoto hawakuguswa hata mmoja, na kwa hilo anasema anamshukuru Mungu ingawa kanisani haonekani sana.

Mtaa uligawanyika. Kwenye bucha walisema Lee afungwe na funguo zitupwe. Kwenye baa walisema kijana ni mchapakazi, hanywi, ana mke na mtoto, kosa ni la dakika moja. Wote walizungumza sana, na hakuna aliyepanda ngazi za nyumba yake akiwa ameketi, kidato kimoja kimoja, kama anavyopanda Doreen. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wiki tatu kabla ya hukumu, askari wa trafiki, Nadeem Farooqi, alikwenda nyumbani kwa Doreen kuandika maelezo yake kwa ajili ya mahakama. Walikaa jikoni, penye kabati zile zile. Doreen alikuwa ameshaandika kurasa mbili kwa mkono wake. Alieleza kwamba hawezi kulala ubavu wa kulia. Kwamba mumewe, Clifford, humvalisha soksi. Kwamba akisikia breki hutapika. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja: Mfungeni.

Farooqi alisoma, akanywa chai yake, akaweka kidole kwenye neno hilo. Alimweleza kuwa aliyeumizwa anaruhusiwa kusema yaliyompata, lakini haruhusiwi kumwambia jaji atoe adhabu gani. Neno lile lazima litoke.

“Mimi ndiye niliyevunjika, na mimi ndiye ninayenyamazishwa?” Doreen alimuuliza.

“Hunyamazishwi, mama,” alijibu Farooqi. “Ila mzigo wa kumfunga mtu haufai kubebwa na wewe. Mwachie anayelipwa kwa kazi hiyo.”

Doreen alilikata kwa kalamu yake mwenyewe.

Ijumaa aliyasoma maelezo yale mahakamani kwa sauti yake. Lee alisikiliza kichwa kikiwa chini. Kirsty alikuwa ameketi nyuma na begi la nguo za mumewe miguuni, kwa kuwa wakili alikwishawaambia wajiandae. Jaji alisema angeanzia miaka mitatu na nusu: simu, mwendo, kulipita basi penye kivuko cha watoto wa shule. Kwa kuwa Lee alikiri tangu siku ya kwanza, alipunguza theluthi moja. Ikabaki miaka miwili na miezi minne. Leseni imechukuliwa, na akitaka kuendesha tena baadaye, atatahiniwa upya.

Doreen alikuwa amengojea siku ile miezi kumi na minne. Ilipofika, anasema, alifurahi. Hafichi. Alifurahi mpaka pale askari wa mahakama walipolichukua lile begi, na Kirsty akabaki na mikono mitupu asijue aiweke wapi.

“Furaha haikuondoka,” anasema. “Ila ilipata mwenzake.”

Nje, kwenye ngazi, alimfuata Kirsty kwa fimbo yake. Clifford alimshika kiwiko akimsihi waende nyumbani. Hakumpa Kirsty pole, wala hakuomba radhi. Alimwambia jambo moja.

“Mimi na wewe si marafiki. Lakini Jumatatu mlete mtoto kwangu. Pale kwa kinyozi iko siku atagongwa, na mimi nitakuwa nimesimama natazama.”

Kirsty aliingia kwenye gari la dada yake.

Ndiyo maana leo Doreen anatazama mteremko kila akirudi ukingoni. Saa mbili na nusu inapita. Anavusha mapacha wa mama Iqbal, anavusha mwalimu aliyechelewa. Anaulizwa habari za nyonga, anajibu kuwa ipo.

Dakika kumi kabla ya kengele, Kirsty anatokea juu akiwa amemshika Tilly mkono. Wanafika kwa kinyozi. Wanasimama kati ya gari la buluu na gari jeupe. Doreen hawezi kuacha kivuko. Ana watoto watatu ubavuni.

Kirsty anatazama barabara. Kisha anageuka, anateremka na mtoto mpaka kivukoni. Hasalimu. Anauachia mkono wa Tilly na kubaki hatua moja nyuma.

Tilly anainua uso.

“Bibi Doreen, wewe ndiye uliyemwambia jaji amfunge baba?”

Mama yake anamwambia anyamaze. Doreen anatikisa kichwa: mwache aulize.

“Sikumwambia. Hawakuniruhusu.”

“Na kama wangekuruhusu?”

Kumdanganya mtoto wa miaka saba ni rahisi, na hapa kila mtu angemsamehe. Doreen anamtazama mama kwanza, halafu mtoto.

“Wangeniruhusu, ningemwambia.”

Tilly anavuta kamba ya mkoba begani.

“Sasa nivuke?”

“Bado. Ngoja nikuambie.”

Doreen anashuka barabarani na kusimika nguzo. Magari ya pande zote mbili yanasimama, nalo la mbele linazimwa kabisa, dereva mikono juu ya usukani.

“Haya, mwanangu. Vuka.”

Tilly anavuka bila kukimbia. Upande wa pili anageuka kumpungia mama yake, kisha anaingia getini. Kirsty anabaki pale mpaka mlango wa shule unafungwa, halafu anasema “kesho” kwa sauti ndogo na kupanda mteremko.

Clifford alitaka mkewe astaafu Julai. Fomu ilishajazwa, imebaki saini. Doreen anasema hataisaini.

“Daktari ameipa nyonga yangu miaka miwili tu ya kusimama hapa,” anasema, akikung’uta maji kwenye kofia. “Tilly bado ana minne hapa shuleni. Tutaona nani mwongo.”