Kituo Kilichonyamaza Hakifutwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kusema. Nilikuwa nimewekwa mbele ya foni, ile redio ya kutuma na kupokea sauti tuliyoitumia mashariki mwa Kongo kabla simu za mkononi hazijatufikia, na nyumbani nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno mazuri. Shefu wa Kituo, yaani mkuu wetu, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata wakati wa joto, akanishika mkono kabla sijagusa maiki.

"Petit," akaniita, yaani mdogo, "umekuja kusema?"

"Ndiyo, Shefu."

"Basi rudi kwenu. Hapa kazi ni kusikia. Kusema, hata kasuku anasema."

Nikakaa kimya hadi jua lilipofika utosini. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo iliishia kwenye kampuni ya programu za kompyuta hapa Durban. Nawaandikia ninyi vijana mnaoianza sasa. Shule yangu ilikatishwa na vita nikiwa sekondari, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nitasema nilichokiona.

Foni yetu ya Uvira, mji wa kando ya ziwa, ilikaa katika chumba kimoja chenye bati. Antena yake ilikuwa waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili, na nguvu yake ilitoka kwenye betri ya gari. Ubavuni mwa maiki palikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, unasikika. Ukikiachia, unasikia. Huwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja, na watu wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayesikia kitu ila mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa. Kidole gumba changu kiliijua sheria hiyo kabla kichwa hakijaielewa, na hadi leo hakijaisahau.

Kila asubuhi kazi ilianza kwa kuita vituo. Kila kituo kilikuwa na jina la siri, kwa sababu wakati wa vita kila mtu anasikiliza, hata usiyemtaka. Kulikuwa na Chumvi, Daraja, Mkeka, na kule milimani kabisa, Nyuki. Shefu aliita kwa sauti ya taratibu, kama baba anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango.

"Chumvi?"

"Niko."

"Daraja?"

"Niko, Shefu, na mvua iko."

Baada ya hapo watu wa kawaida waliingia: wauza samaki, mapadri, mama wanaotafuta watoto. Msidhani vita ni kilio kutwa. Namkumbuka kijana aliyekuja kumposa msichana kwa foni, mama mkwe akiwa upande wa pili, kituo cha Mkeka. Kabla mama hajajibu, sauti ngeni ikaingia kutoka sijui wapi: "Mkubali, mama! Huyo namjua, halewi!" Nyingine ikadakia: "Analewa!" Ya tatu: "Analewa sikukuu tu!" Ziwa zima lilikuwa limefika kwenye mahari. Shefu alizima foni, akavua kofia, akacheka hadi akafuta macho. Walioana, na watoto wao ni wakubwa sasa.

Mtu wa Nyuki aliitwa Safari. Hatukuwahi kumwona uso, lakini tulimjua kwa mizaha yake. Kisha mapigano yalipanda milimani, na asubuhi moja Shefu aliita "Nyuki?" pasipo jibu. Alisubiri muda ule ule ambao mtu angehitaji kubonyeza, kusema "niko", na kuachia. Akaita kituo kinachofuata. Kesho yake akafanya vilevile, na wiki zilizofuata vilevile.

Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. "Shefu, kwa nini tusiiondoe Nyuki? Kila asubuhi inatuumiza."

"Petit, kituo kilichonyamaza hakifutwi," alisema. "Sisi hatujui kitu. Anayejua ni yule aliyenyamaza. Kazi yetu ni kumwachia nafasi yake ya kujibu."

Mvua zilianza na zikaisha. Asubuhi moja Shefu akaita, akasubiri, na alipokuwa anafungua mdomo kuendelea, spika ikakwaruza.

"Niko."

Vituo vyote vilibonyeza kwa pamoja, na mbuzi yule akalia kuliko siku zote. Shefu, ambaye kwa kawaida angefoka, aliacha mlio ule uendelee kama vile ni wimbo wa kanisani. Ulipotulia, Safari akasema, "Foni tuliizika shambani, chini ya mihogo. Betri imeota kutu. Mimi sijaota."

Nimeona mikutano ya wakubwa na hoteli za pwani. Furaha kama ile ya chumba chenye bati sijaiona tena mara nyingi.

Baadaye vita vilitushukia na sisi. Shefu alituamuru tuondoke, yeye akabaki na mashine yake. Sijasikia habari zake hadi leo. Sisemi amekufa. Nasema amenyamaza.

Nilifika Durban kwa malori na mabasi. Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kulinda magari karibu na ufuo, fulana ya rangi kali kifuani, nikisema "sharp, sharp", yaani "sawa, sawa", kwa kila dereva. Kisha nikaingia kwenye duka la simu katikati ya mji, kwa Mtanzania kutoka Tanga ambaye sote tulimwita Bosi. Yeye alinifundisha kuchomelea, kwa risasi ya kuyeyusha, vipande vya simu vidogo kuliko ukucha, kwa subira ambayo sikuistahili. Kitu kimoja tu kilimshinda. Nikipokea simu ya mteja, kidole gumba changu kilitafuta kitufe ubavuni, kikibonyeze, ndipo niseme kwa sauti ya kufika milimani.

"Mkongo!" angesema Bosi. "Hiyo ni simu, si jenereta! Yeye anakusikia!"

Kwenye meza ya pili alikaa dada aliyesuka wateja nywele, akinicheka kila mara hadi vidole vyake vikapoteza hesabu ya misuko. Ndiye Furaha. Nilianza kupiga kelele kwa makusudi. Tulioana, na tangu Amani wetu azaliwe mimi huitwa Baba Amani.

Wateja wetu wengi walikuwa madereva wa malori ya bandarini. Malalamiko yao yalikuwa mamoja: dereva anafika kwenye yadi ya kontena, anakuta foleni ndefu, anakaa kutwa bila kujua zamu yake ni lini. Nikakumbuka kuita vituo. Nikawaambia watutumie ujumbe wakikaribia yadi, nasi tungewaita mmoja mmoja. Mwanzoni mashine ilikuwa Furaha na mimi, simu mbili, na kelele zetu. Kisha nikapata kompyuta kuukuu, nikajifunza kuandika programu, yaani kuiandikia mashine maagizo hatua kwa hatua, kwa lugha ambayo haivumilii hata nukta iliyopotea.

Niwaambie ukweli: katika maisha yangu yote niliandika programu moja tu mwenyewe, na ilikuwa mbaya. Furaha aliijaribu, akaweka simu chini. "Hii programu ni wewe mtupu," alisema. "Nia iko nzuri, lakini haimalizi sentensi."

Ndipo tukamwajiri Nomusa, binti wa Cato Manor, mtaa wa hapa Durban, aliyekuwa ametoka chuoni. Alisoma maandishi yangu, akasema "Eish, Baba," akayafuta yote, akaanza upya. Nilimshukuru. Kuongoza, kwa nilivyojifunza, kwanza ni kumtafuta anayekushinda na kumpisha kiti, kisha kubaki chumbani kusikiliza.

Tuligombana mara moja tu kwa uzito. Katika kazi hii kuna kinachoitwa muda wa kungoja: mashine ikiuliza na isipojibiwa, isubiri hadi lini kabla ya kukata tamaa? Nomusa alitaka dereva asiyejibu aondolewe kabisa, wengine wapite. Mimi nikakataa. Nikamsimulia habari za Nyuki.

"Baba, pole sana kwa vita yenu," alisema, "lakini foleni si maombi. Nyuma yake iko lori kumi zinangoja."

Alikuwa na haki. Mimi pia. Tulinuniana hadi Furaha akakataa kutupa chai. Mwishowe Nomusa ndiye aliyepata njia. Dereva aliyenyamaza anapitwa, lakini jina lake halifutwi. Mashine inawaita waliobaki, na ikifika mwisho inarudi kwa walionyamaza, inawaita tena. Kumbe madereva wengi walikuwa wananyamaza kwa sababu mtandao ulikatika wakiwa kwenye mizani ya malori. Meneja wa yadi ya kwanza iliyotuamini, mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe, alituambia, "Programu nyingine zinafukuza watu wangu. Yenu ina adabu." Kampuni yetu ilisimama juu ya sentensi hiyo.

Ofisini nako niliita vituo kila asubuhi. Mwanzoni walinicheka. "Baba, tuko watu wanne katika chumba kimoja," Nomusa alisema. "Tunaonana!"

"Nomusa?"

"Niko, Baba. Bado niko. Nimekaa karibu yako."

"Furaha?"

"Niko, mume wangu, na chai iko."

Miaka ilipita. Ujumbe mfupi ukaondoka, zikaja programu za simu. Kompyuta zetu zikatoka ofisini zikaenda kwenye mashine za kukodi mbali ambazo hatutaziona kamwe. Vijana wakaanza kufanya kazi kutoka nyumbani, na wito wa asubuhi ukahamia kwenye skrini. Hapo kidole changu kikaniaibisha upya. Kwenye foni unabonyeza ili usikike. Kwenye mikutano hii ya skrini, ukibonyeza alama ya maiki, unajinyamazisha. Kila asubuhi nilibonyeza kwa bidii, nikahutubia, nao wakapiga kelele kwa pamoja, "Baba, maiki!" Furaha alikuwa akiinuka kutoka jikoni kuja kubonyeza kwa niaba yangu, akinipiga kofi dogo la kisogoni.

Mwaka juzi alifariki. Sitaandika mengi hapa. Tulipomaliza kumzika na kazi ikarudi, niliita vituo kama kawaida. Nilipofika kwenye jina lake sikuweza kuliruka. "Furaha?" Nikasubiri muda wa kubonyeza, kusema, na kuachia. Nikaendelea. Hakuna aliyeuliza. Ikawa hivyo kila asubuhi, na kwangu ule muda mfupi haukuwa huzuni. Ulikuwa kama kiti chake, bado kina joto.

Baada ya miezi mingi Nomusa akanijia. "Baba, mteja alikuwa kwenye mkutano wetu. Aliniuliza Furaha ni nani na kwa nini hajibu. Nikasema yuko safarini. Sikupenda kusema uongo juu ya Mama."

Nilijua anachouliza. Nilikuwa nimekwisha kuamua kumkabidhi kampuni, maana macho yangu yamechoka, na zimekuja mashine zinazoandika programu zenyewe. Nimezijaribu. Zinaandika vizuri kuliko mimi, jambo ambalo si gumu, na zina jibu la kila kitu papo hapo. Kilichonishangaza ni kwamba sijaziona zikinyamaza. Shefu angeziambia zirudi kwao.

"Utakapoongoza wewe," nilimjibu Nomusa, "wito ni wako."

Shefu alitufundisha kwamba anayetoka kwenye kiti hagusi tena maiki. Kwa hiyo sikumwomba kitu. Siku ya kuagana walipika pondu, yale majani ya mihogo ya kwetu, na kuku, wakaimba Kizulu na Kiswahili, wakanivisha ile fulana ya mlinzi wa magari ambayo sijui waliipata wapi. Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini ndani yangu swali lilikuwa moja tu: kesho, jina lake litaitwa?

Jumatatu yake nilikuwa nyumbani, mtaa wa Chatsworth, na chai niliyoipika mwenyewe. Nomusa alikuwa ameniomba niingie kwenye skrini, niwasalimie tu. Nikakaa kimya, maiki yangu ikiwa wazi, nikasikiliza. Alianza kwa sauti ya taratibu ambayo hakuna aliyemfundisha. Akamwita kijana wa mtandao. "Niko, sharp." Akamwita binti wa huduma kwa madereva. "Niko, lakini mtoto amekalia kompyuta."

Kisha akasema, "Furaha?"

Akasubiri. Hakuharakisha. Muda ulikuwa kamili, wa kubonyeza, kusema, na kuachia.

"Baba Amani?"

Sikujua kwamba bado nimo. Kidole gumba changu kikabonyeza kabla yangu, nikajibu kwa sauti ya kufika milimani, "Niko!" Kwenye skrini hakuna aliyetikisika. Nikapaza zaidi. "Niko, jamani!" Wote walikuwa wametulia, wengine wameinamisha kichwa, wananisubiri. Hata wale wa kupiga kelele za "Baba, maiki" walinyamaza, nadhani walidhani machozi yamenizidi. Hapo nikaelewa kwamba nimejizima mwenyewe, na kwamba ninaisikia, nikiwa hai na kikombe mkononi, ile nafasi ambayo watu huachiwa wakinyamaza. Ilikuwa ndefu ya kutosha. Ilikuwa na adabu. Nilianza kucheka peke yangu hadi chai ikamwagika.

Nomusa akanipita, akawaita waliobaki. Alipofika mwisho, akafanya kama programu yake inavyofanya. Akarudi.

"Baba Amani?"

Nikabonyeza tena alama ya maiki ili ifunguke, nikaachia.

"Niko," nikasema.