Mrashi Auza Nyuzi Mkomani

Serikali ilipofuta utumwa wa pwani, Mrashi alitoka nyumba ya Bi Mwanaarabu, mtaa wa Mkomani, na nguo aliyoivaa tu. Akapanga kijumba cha makuti mtaa wa Langoni, akauza vitumbua, vitumbua vikamshinda. Ndipo Jaafar, mwenye duka sokoni, alipomwita. Nyuzi za Bombay zilikuwa zimemjaa dukani. Mabibi wanaoshona kofia hawatoki majumbani, na mwanamume haingii walipo. Alitaka mwanamke wa kuzipeleka hadi ndani.

"Anza kwa Bi Mwanaarabu," alisema Jaafar. "Akinunua yeye, Mkomani nzima itanunua. Akikutimua, nirejeshee kikapu changu utafute kazi nyingine."

Mrashi alitamani kumtupia kikapu hicho usoni. Akakibeba hivyo hivyo, maana nyumbani hakuwa na hata unga wa uji. Alivaa na makubadhi, yeye ambaye enzi za utumwa mguu wake haukuruhusiwa kiatu mjini.

Bi Mwanaarabu alikuwa na wageni wawili, Bi Swafiya na Bi Kadija, kila mmoja na kofia yake mkononi. Bintiye Alawiya, mwari wa kuolewa, alikuwa ameketi kando.

"Vua makubadhi hayo," alisema Bi Mwanaarabu. "Kaa tini."

Mrashi akavua, akaketi, akatandaza nyuzi mkekani. Bi Kadija alinyoosha mkono, akaurudisha upesi. Nani athubutu kugusa kabla ya mwenye nyumba?

Mwenye nyumba hakuzitazama. Alichukua pamba na pia, kile kijiti cha kusokotea, akamrushia mapajani.

"Nisokotee kwanda. Mkono wako waijua kazi ya nyumba hini. Kisha tutaziona hizo zako."

Wageni wakacheka. Mrashi akaishika ile pia. Akisokota, amerudi utumwani mbele ya mashahidi. Akikataa, anarudisha kikapu. Lakini alimjua bibi yule nje ndani. Shamba lake la Kililana lilikuwa pori tangu watumwa waondoke, na kiburi kilikuwa hakijapungua hata chembe.

Akaiweka pia chini, akaanza kukunja nyuzi zake polepole.

"Niwiye radhi, Bi. Nimekosea nyumba. Nyuzi hizi ni ghali, bora ningeanza kwa Bi Kadija. Sikuya kukuaibisha mbele ya wageni."

Kicheko kikakatika. Bi Swafiya akainamia sindano yake. Bibi wa Mkomani atalala na njaa na asikiri kwamba hana.

"Nakitwaa kikapu kizima," alisema Bi Mwanaarabu.

Fedha hakuwa nayo. Akamgeukia Alawiya, akamchomoa sikioni jasi la dhahabu, pambo la arusi ya mwari huyo, akamtupia Mrashi.

"Shika. Na usitie mguu tena humu."

Alawiya alijishika sikio, machozi yakimlengalenga, akimtazama Mrashi. Mtoto huyo alinyonya ziwa la Mrashi. Sikio lile Mrashi ndiye aliyelitoboa, kisha akamlaza mapajani mpaka uchungu ukapoa. Angeweza kulirudisha jasi, akachukua kikapu chake na kwenda zake. Alimhurumia mtoto, ila chuki yake kwa mama ilikuwa kubwa kuliko huruma hiyo.

Akaliokota, akalifunga kwenye pindo la leso, akashuka ngazi. Kesho yake Jaafar alilipokea jasi, akampa vikapu viwili.